Tim Tebow: kwa nini kwotabeki aliyetawala vyuo hakudumu katika ligi ya kulipwa?

#1 Mkunazi (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Ninaishi Ohio mwaka wa kumi na tatu sasa, na nyumbani kwetu Jumamosi za vuli ni za mpira wa Kimarekani wa vyuo, kwa kuwa mwanangu mkubwa anaucheza shuleni. Kwa wasioufuatilia: kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua, ndani ya sekunde mbili tatu, kama ataurusha kwa mwenzake, atamkabidhi mwenzake akimbie nao, au atakimbia nao mwenyewe. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikishindwa inaupoteza mpira.

Nimekuwa nikimsoma Tim Tebow, aliyechezea Chuo Kikuu cha Florida kuanzia mwaka 2006 hadi Januari 2010. Katika vyuo alifanya mambo ambayo hakuna aliyeyafanya kabla yake. Katika ligi ya kulipwa, NFL, alianza mechi 14 tu za msimu wa kawaida akiwa kwotabeki, akashinda 8, kisha milango ikafungwa. Dai langu ni hili: Tebow hakukosa kipaji wala bidii, bali alishikilia nafasi ya kwotabeki wakati mwili wake, uzito wake na ujasiri wake vingemfaa zaidi katika nafasi ya taiti-endi, yaani mchezaji wa pembeni anayezuia wapinzani na kupokea pasi. Angebadili mapema, angecheza miaka kumi. Karibuni mnikosoe.

#2 Jahazi
Asante kwa uzi, dada. Nakubaliana nawe kwa sehemu tu, kwa sababu mtu aliyetwaa Tuzo ya Heisman mara mbili na ubingwa wa taifa mara mbili akiwa kwotabeki ana haki ya kuamini kwamba hiyo ndiyo nafasi yake. Kumwambia mtu huyo aende akazuie wapinzani pembeni ni sawa na kumwambia nahodha wa jahazi ashike kata ya kukumbia maji.

#3 Kitabu Wazi
Jahazi, turekebishe kwanza kabla hesabu haijaenda mbali. Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo kila mwaka, aliipata mara moja, Desemba 2007, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kwanza kabisa kuipata. Msimu ule alirusha pasi 32 za tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani) na kuingia huko mwenyewe na mpira mara 23, na hakuna mchezaji wa daraja la juu la vyuo aliyewahi kufikisha 20 kwa 20 kabla yake. Mwaka 2008 alikuwa wa tatu nyuma ya Sam Bradford na Colt McCoy, ingawa ndiye aliyepata kura nyingi zaidi za nafasi ya kwanza: 309, dhidi ya 300 za Bradford.

Kuhusu ubingwa, ni kweli alikuwa ndani ya timu mara mbili, lakini ule wa msimu wa 2006, Florida ilipoifunga Ohio State 41-14, kwotabeki mkuu alikuwa Chris Leak. Tebow aliingizwa kwa vipindi vifupi, hasa pale zilipohitajika yadi moja mbili za nguvu. Ubingwa alioubeba yeye ni wa msimu wa 2008, dhidi ya Oklahoma, 24-14.

#4 Jahazi
Nimepokea marekebisho, mkuu. Hoja yangu hata hivyo haijaanguka, maana Heisman moja na ubingwa mmoja mabegani vinatosha kumfanya mtu ajiamini.

#5 Mwalimu wa Zamu
Habari zenu. Mimi si mtaalamu wa mchezo huu, ila nimefundisha kurusha mkuki kwa wanafunzi wa sekondari Tanga kwa miaka 19, na nilipoangalia picha za Tebow nikipunguza kasi niliona jambo ambalo mwalimu yeyote wa kurusha angeliona. Anatumia mkono wa kushoto, na hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba kabla ya kurusha anaushusha mpira hadi karibu na kiuno, anauzungusha nyuma, ndipo unapanda juu na kuachiwa. Mzunguko huo mrefu unampa nguvu, lakini unamla muda, na muda huo ndio ambao mlinzi mwenye macho anautumia kusoma mpira unakokwenda.

Katika mkuki hakuna mpinzani anayekukimbilia, kwa hiyo mzunguko mrefu hauadhibiwi, ni urefu tu unaohesabiwa. Katika mchezo wenu kuna watu wazito wanne au watano wanaokuja kukuangusha. Nadhani vyuoni walinzi walikuwa wanachelewa kidogo kuliko mkono wake, na katika ligi ya kulipwa mkono wake ukawa unachelewa kidogo kuliko wao.

#6 Mgeni wa Gainesville
Mwalimu ameeleza vizuri, lakini naomba niongeze kilichokuwa kinaufanya mkono ule usionekane unachelewa. Nilisoma shahada ya uzamili Gainesville, mji wa Chuo Kikuu cha Florida, miaka ileile, na sikukosa mechi nyingi za nyumbani. Kocha Urban Meyer alikuwa na mfumo wa kumsimamisha kwotabeki yadi kadhaa nyuma ya mstari, huku wachezaji wakitawanywa uwanja mzima, ili mlinzi mmoja aachwe bila mtu wa kumzuia na Tebow amsome: akienda kwa mkimbiaji, Tebow anabaki na mpira, akimsubiri Tebow, mpira unakwenda kwa mkimbiaji. Kila mlinzi alikuwa na mashaka ya nusu sekunde kabla ya kusogea, na mpokeaji wa pasi akawa anapata nafasi kubwa kiasi kwamba hata mrushaji mzito angempata. Ndiyo maana kwa miaka yake yote Florida asilimia 66 ya pasi zake zilifika. Katika NFL zilifika chini ya 48. Mkono ni uleule, kilichobadilika ni nafasi ya wapokeaji.

Niruhusuni nikumbuke siku moja. Septemba 27, 2008, tulikuwa watu karibu 90,000 uwanjani, na Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi), ambao hakuna aliyewapa nafasi, wakatufunga 31-30. Mkwaju wetu wa pointi ya nyongeza baada ya tachidauni ulizuiwa, na chini ya dakika moja kabla ya mwisho tulihitaji yadi moja katika jaribio la nne. Kila mtu uwanjani alijua Tebow angekimbia nao katikati. Alikimbia nao katikati, na wakamzuia. Baada ya mechi alisimama mbele ya waandishi, akaomba radhi kwa mashabiki, akaahidi kwamba hataonekana mchezaji wala timu itakayojituma kuliko wao kwa msimu uliobaki. Walishinda mechi kumi zilizofuata na kuchukua ubingwa. Maneno yale yamechongwa kwenye bamba pale uwanjani, na sanamu yake ilizinduliwa mwaka 2011 pamoja na za Steve Spurrier na Danny Wuerffel. Nimewahi kupeleka wageni kutoka Morogoro kuiona, nikashindwa kuwaeleza kwa dakika tano kwa nini mtu aliyeomba radhi kwa kufungwa anachongewa maneno hayo ukutani.

#7 Mhamiaji wa Atlanta
Mgeni wa Gainesville anasimulia vizuri, ila kila shabiki wa Florida husahau mwaka 2007, Georgia ilipowafunga 42-30 Tebow akiwa uwanjani na Heisman yake njiani.

Tuje kwenye mada. Ninyi nyote mnamtazama mtu mmoja, nami nawaomba mtazame waliomzunguka. Kikosi cha 2008 kilikuwa na Percy Harvin, aliyekimbia yadi 122 katika fainali dhidi ya Oklahoma, na Aaron Hernandez katika nafasi ya taiti-endi, na ndugu mapacha wa familia ya Pouncey kwenye safu ya mbele. Upande wa ulinzi walikuwapo Brandon Spikes, Joe Haden na Carlos Dunlap. Hao wote walikuja kuchaguliwa na timu za kulipwa. Harvin alipoondoka, pasi za tachidauni za Tebow zilishuka kutoka 30 hadi 21 mwaka 2009, na kwenye fainali ya kanda Alabama ikawafunga 32-13 mpaka akaonekana akilia pembeni ya uwanja. Simdharau, nasema tu kwamba sifa za kikosi kizima ziliandikwa kwa jina lake, na alipofika Denver, timu yake ya kwanza ya NFL, wakategemea yeye peke yake afanye kazi ya kikosi kizima.

#8 Mgeni wa Gainesville
Mhamiaji, hakuna aliyesahau 2007. Nakukumbusha tu kwamba mwaka uliofuata matokeo yalikuwa 49-10, na mwaka baada ya huo 41-17, na hizo zote Tebow alikuwa uwanjani.

Kuhusu 2009, umeacha mechi yake ya mwisho. Januari 1, 2010, dhidi ya Cincinnati kwenye Sugar Bowl, mechi ya kufunga msimu, bila Harvin, alifikisha pasi 31 kati ya 35 kwa yadi 482, na timu ikashinda 51-24.

#9 Kitabu Wazi
Wote wawili mna ushahidi, na ndiyo sababu swali hili halijafungwa. Naongeza upande wa Denver ili tusibaki vyuoni.

Denver walimchukua wa 25 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2010, na ili wapate nafasi hiyo waliwapa Baltimore nafasi tatu za raundi ya pili, ya tatu na ya nne. Msimu wa 2011 timu ilianza kwa ushindi mmoja na kufungwa mara nne chini ya Kyle Orton, ndipo Tebow akakabidhiwa. Alishinda 7 kati ya 11. Mechi ya kwanza, dhidi ya Miami, walikuwa nyuma 15-0 zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu, wakashinda 18-15 katika muda wa nyongeza. Dhidi ya Kansas City alirusha pasi 8, zikafika 2, na wakashinda 17-10. Naomba mliangalie hilo kwa makini: pasi mbili tu zilizofika, moja ya yadi 56 ikawa tachidauni, na ushindi ukapatikana. Kocha John Fox alikuwa ameubadilisha mfumo katikati ya msimu ufanane na ule wa Florida. Kwa hiyo anayesema hakuwahi kupewa mfumo wake katika NFL amekosea. Alipewa, ukafanya kazi kwa wiki kadhaa, kisha timu zikajifunza kuuzuia, wakafungwa mechi tatu za mwisho za msimu mfululizo.

#10 Tandabui
Kitabu Wazi, hujataja ni nani alikuwa anafanya uamuzi. Kocha aliyemtaka Tebow, Josh McDaniels, alifukuzwa mwanzoni mwa Desemba 2010, na Tebow alianza mechi yake ya kwanza tarehe 19 ya mwezi huohuo. Yaani aliyemchagua hakumwona akianza hata mara moja. Aliyekuja kusimamia timu ni John Elway, ambaye mwenyewe alikuwa kwotabeki wa pasi aliyeipa Denver mataji mawili. Mtu wa namna hiyo ana picha yake kichwani ya jinsi kwotabeki anavyotakiwa kuwa, na Tebow hakufanana nayo. Machi 2012 kwotabeki Peyton Manning akapatikana, Tebow akapelekwa New York Jets, ambako kwa msimu mzima alirusha pasi 8. Katika kazi yoyote, ukiajiriwa na bosi anayekuamini kisha akaondoka kabla hujaanza, unaye wa kukuvumilia lakini huna wa kukutetea. Yalinikuta mimi katika kampuni moja ya bima, na sikudumu.

#11 Kitabu Wazi
Pole kwa yaliyokukuta. Hata hivyo, mwaka 2013 New England walimsajili, na McDaniels alikuwa ndiye mratibu wa mashambulizi pale. Tebow aliachwa kabla msimu haujaanza. Mtetezi wake alikuwapo chumbani, na matokeo yakawa yaleyale.

#12 Nyota ya Jaha
Salaam. Nashangaa mmefika bandiko la kumi na moja bila kugusa imani. Tebow alizaliwa Ufilipino mwaka 1987, wazazi wake wakiwa wamisionari wa Kibaptisti, na hakuificha dini yake hata siku moja. Aliandika Yohana 3:16 chini ya macho katika ile mechi ya Denver dhidi ya Pittsburgh, Marekani nzima ikaenda kuitafuta aya hiyo kwenye intaneti. Kupiga goti kwake kusali uwanjani kuliigwa kila mahali. Timu ya kulipwa inapomsajili mchezaji wa akiba inataka mtu atakayekaa kimya kwenye benchi, na huyu kila alipokwenda kamera zilimfuata, mashabiki wakaimba jina lake kwotabeki mkuu akikosea pasi moja. Naamini timu nyingi hazikuogopa mkono wake, ziliogopa kelele.

#13 Mgeni wa Gainesville
Hoja yako ni nzito, ila matukio mawili yamechanganyika. Aya ile aliiandika usoni Januari 8, 2009, katika fainali ya vyuo dhidi ya Oklahoma. Kabla ya hapo msimu ule alikuwa akiandika Wafilipi 4:13. Mwaka 2010 chama cha michezo ya vyuo kikapiga marufuku maandishi ya aina hiyo usoni. Mechi ya Pittsburgh ilichezwa Januari 8, 2012, miaka mitatu kamili baadaye, na hakuwa na maandishi yoyote. Kilichotokea ni kwamba alimaliza na yadi 316 za pasi, na watu wakaliunganisha hilo na aya. Pasi ya mwisho, ya kwanza kabisa katika muda wa nyongeza, ilikwenda kwa Demaryius Thomas, yadi 80, sekunde 11 tu zikiwa zimetumika, 29-23. Nililia siku ile na sioni haya kusema hivyo. Juma lililofuata New England wakawafunga 45-10.

#14 Nyota ya Jaha
Ahsante sana kwa kunisahihisha. Tarehe hizo mbili sikuzijua kwamba zinalingana.

#15 Mlima Meru
Mimi nataka nieleze lililo karibu na kwetu. Nimekuwa mwalimu wa michezo Arusha na nimepeleka timu UMISSETA mara kadhaa. Kulikuwa na kijana mmoja, mshambuliaji wa soka, ambaye katika mashindano ya shule alikuwa anapita mabeki watatu kwa mbio na mabega tu. Alipokwenda kujaribiwa kwenye klabu ya ligi, mabeki wote walikuwa na mabega kama yake, na mbio zake zikawa za kawaida. Hakuwa amejifunza kitu kingine, kwa sababu tangu akiwa na miaka 14 hakuwahi kuhitaji kitu kingine, na sisi walimu hatukumfundisha kwa kuwa tulikuwa tunashinda. Lawama yangu naielekeza kwangu na kwa wenzangu, si kwake.

Ndiyo maana nikisoma habari za Tebow sijiulizi kwa nini alishindwa akiwa na miaka 24. Najiuliza ni nani alikuwa anautazama ule mzunguko wa mkono anaousema Mwalimu wa Zamu, Tebow akiwa na miaka 15, akauacha kwa sababu ubao wa magoli ulikuwa unamridhisha.

#16 Mwalimu wa Zamu
Mlima Meru amegusa penyewe. Nilisoma kwamba kabla ya uteuzi wa 2010 alifanya kazi na wakufunzi ili aufupishe mzunguko, na mazoezini ulifupika kweli. Lakini mwili una kumbukumbu mbili, ya utulivu na ya taharuki. Mwanafunzi wangu hurusha vizuri Jumanne tukiwa wawili uwanjani, na siku ya mashindano mkono hurudi ulikozoea. Nimewahi kumtoa mtu tabia ya mkono akiwa na miaka 16, ikachukua mwaka mzima. Wa miaka 22 sijafanikiwa hata mmoja.

#17 Mama Ruiru
Hamjambo. Mimi nawafundisha wanangu nyumbani hapa Kenya, na kwa sababu hiyo nimemfuatilia Tebow kwa njia nyingine, maana naye alisomeshwa nyumbani na mama yake. Sheria ya Florida tangu mwaka 1996 ilimruhusu mtoto anayesomea nyumbani kuchezea shule ya eneo lake, na majimbo mengine yaliyotunga sheria kama hiyo yalizipa miswada jina lake.

Dada Mkunazi, dai lako la mwanzo lina kasoro moja. Unasema angebadili nafasi mapema. Nafasi hiyo ya pembeni alianza nayo! Shule ya kwanza aliyochezea Jacksonville ilimweka taiti-endi, na kwa kuwa alitaka kuwa kwotabeki, yeye na mama yake walihamia kwenye nyumba ya kupanga katika wilaya jirani ili ahesabiwe kuwa wa eneo la shule ya Nease, ambako kocha alikuwa tayari kumpa mpira. Familia ilihama ili mtoto asiwe taiti-endi. Bila uamuzi huo kusingekuwa na Heisman, wala ubingwa, wala uzi huu.

#18 Mkunazi (mleta uzi)
Mama Ruiru, hilo sikulijua, na limenikaa kooni tangu asubuhi nilipolisoma.

Niwaeleze sasa kwa nini nimeanzisha uzi. Mwanangu ana miaka 16. Ni kwotabeki wa timu ya pili ya shule yake, anatumia mkono wa kushoto, ana urefu na kifua cha babu yake, na anashinda mechi kwa kukimbia na mpira kuliko kwa kuurusha. Wiki iliyopita kocha ametuambia kwamba mwakani angependa kumweka taiti-endi, kwa maelezo kwamba vyuo vitamwona haraka zaidi huko. Baba yake anasema kocha anajua kazi yake. Mwanangu hajala vizuri tangu siku ile. Mimi nilitaka mniambie kwamba Tebow alikosea, ili niwe na cha kumwambia.

#19 Jahazi
Dada, pole, na hongera kwa kijana. Naomba nikupe mfano mwingine kabla hujaamua. Mwaka 2007 na 2008 msaidizi wa Tebow pale Florida alikuwa kijana mwenye mwili mkubwa kuliko wake, naye mkimbiaji, jina lake Cam Newton. Aliondoka, akapitia chuo kidogo cha Blinn huko Texas, akaenda Auburn, akatwaa Heisman na ubingwa msimu wa 2010. Akachaguliwa wa kwanza mwaka 2011, na mwaka 2015 akawa mchezaji bora wa NFL. Mwangalie na kwotabeki Lamar Jackson, ambaye kabla ya uteuzi wa 2018 wapo waliosema awe mpokeaji wa pasi. Amekuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili. Jalen Hurts alitolewa wakati wa mapumziko katika fainali ya vyuo Januari 2018, akahamia Oklahoma, akachaguliwa wa 53, na Februari 2025 akawa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya NFL. Mimi nadhani kosa pekee la Tebow ni kuzaliwa miaka mitano mapema. Ligi ilikuwa haijajifunza kuwatumia watu wa namna yake.

#20 Kitabu Wazi
Mifano mizuri, lakini haibebi hitimisho lako. Newton alianza msimu uleule wa 2011 ambao Tebow alikuwa Denver, katika ligi ileile, akarusha zaidi ya yadi 4,000. Ligi ilikuwa tayari, kwa mtu ambaye mkono wake ulikuwa tayari.

#21 Tandabui
Na usisahau mwisho wa hadithi. Mwaka 2021 Urban Meyer alipokuwa kocha wa timu ya NFL ya Jacksonville alimpa Tebow nafasi kama taiti-endi, baada ya miaka yake ya kucheza besiboli katika timu ndogo za New York Mets. Alicheza mechi ya maandalizi siku aliyotimiza miaka 34, akaonekana hajui kuzuia, na siku tatu baadaye akaachwa. Kwa hiyo dai la mleta uzi limejaribiwa kwa vitendo, likashindwa.

#22 Mlima Meru
Hapana, mkuu. Kumjaribu mtu wa miaka 34 hakuthibitishi lolote kuhusu mtu wa miaka 22. Taiti-endi hujifunza kusimamisha miguu na kuweka mikono dhidi ya mtu wa kilo 120 kwa miaka, si kwa miezi mitatu.

#23 Mhamiaji wa Atlanta
Nauliza jambo moja: kwa nini tunaita kushindwa? Tangu 2023 yumo katika orodha ya magwiji wa mpira wa vyuo, taasisi yake inafanya kazi na ilishiriki kujenga hospitali ya watoto Davao, Ufilipino, na kila Jumamosi ya msimu yumo kwenye televisheni akiuchambua mpira wa kanda yake. Ninasema haya nikiwa shabiki wa Georgia. Mpira wa vyuo una viwanja vikubwa kuliko vya NFL na watu wanaoupenda kwa vizazi. Aliyefika kileleni pale amefika kileleni.

#24 Mama Ruiru
Nakubaliana na Mhamiaji, lakini mtoto wa dada yetu hajafika kilele chochote, ana miaka 16 na chakula hakimpiti. Tumsaidie yeye kwanza.

Dada, familia ile haikuhama kwa kumbishia kocha tu. Walikwenda kwa kocha mwingine aliyekuwa na mpango. Mkitaka abaki kwotabeki, ni lazima awepo mtu atakayemfundisha.

#25 Mwalimu wa Zamu
Mama Ruiru amesema sawa, nami naongeza la vitendo. Kabla ya kukutana na kocha, mrekodi kijana kwa simu, umesimama upande wake wa kushoto, simu ikiwa usawa wa kiuno chake, akirusha mara 20 akiwa ametulia na mara 20 mtu akimkimbilia. Angalia mpira unashuka hadi wapi kabla ya kupanda. Ukibaki juu ya kifua mara zote 40, kocha aulizwe kwa nini anamhamisha. Ukishuka hadi kiunoni pale tu anapokimbiliwa, bado ana miaka 16, na mwaka mmoja unatosha.

#26 Mkunazi (mleta uzi)
Tumerekodi jioni hii baada ya kazi, mdogo wake ndiye aliyekuwa akimkimbilia. Ishirini za kwanza mpira haukushuka chini ya kifua. Katika ishirini za pili ulishuka mara 7, na zote 7 ni baada ya ya kumi na mbili, alipoanza kuchoka. Ameziona mwenyewe, akazirudia kuzitazama zaidi yangu, kisha akaenda jikoni akapakua ubwabwa. Kikao na kocha ni Alhamisi. Mwalimu, je, uchovu unahesabika sawa na taharuki?

#27 Mwalimu wa Zamu
Hapana, ni vitu viwili tofauti. Uchovu ni wa miguu. Nitumie hizo 7 faraghani usiku huu nizitazame kabla ya Alhamisi.